Mpangaji wa Manowari

Ndege moja ilikuwa imegeuka.

Fundi Meno aliiona kabla hata hajafungua dirisha. Alikuwa amezipanga zote kwenye sitaha ya manowari yake, pua mbele, mkia nyuma, kama zinazosubiri amri ya kuruka. Sasa ile ya mwisho ilikuwa imezipa nyingine mgongo. Akainama. Ndege yenyewe haikuzidi kidole chake cha mwisho. Akaisukuma kwa ncha ya kibano, ikakataa kusogea. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi, vilevile alivyoigandisha mwenyewe, na gundi haikuwa na ufa wala mkwaruzo.

"Uzee huu," alisema kwa sauti. "Niliibandika kinyume, nikasahau."

Akajipa jibu hilo na kulikubali. Mtu anayeishi peke yake hukubali majibu yake upesi, maana hana wa kumbishia.

Jina la Fundi Meno alilipatia kazini. Maisha yake yote alitengeneza meno bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki. Wakubwa wa mji walitafuna nyama kwa kazi ya mikono yake, na walipokutana naye barabarani walijifanya hawamjui, wasije wakaulizwa wamejuana wapi. Alipostaafu alirudi nyumbani na kekee yake ndogo ya kuchongea, misasa, vibano, na kile kioo kidogo chenye mpini ambacho daktari humwingizia mgonjwa kinywani. Mkewe akamuuliza sasa atamchongea nani. Akajibu kwamba atachonga meli.

Tena si meli yoyote. Alitaka manowari ya vita kuu ya pili, ile ya kubeba ndege mgongoni, aliyoiona kwenye gazeti kuukuu, yeye ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi na ambaye mji wake uko mbali na bahari kama ulivyo mbali na mwezi. Zipo meli za kuchezea zinazouzwa kwenye boksi, vipande vyote tayari, kazi yako ni kuunganisha tu. Hizo alizidharau. Yake aliichonga yote kutoka kwenye mbao, waya, nyuzi na karatasi ngumu za plastiki, na kila mita ya meli ya kweli aliifanya urefu wa punje ya mchele. Hata hivyo iliijaza meza ya kulia chakula. Mkewe alilalamika kwamba sasa wanakula magotini kama wasafiri, lakini ndiye aliyemkatia nyuzi za vizuizi vya pembeni, kwa kuwa macho yake yalikuwa mazuri zaidi.

Aliugua meli ikiwa mbavu tupu. Akafariki kabla haijapata sitaha.

Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa muuguzi katika mji wa mbali, na zamu zake hazikuwa na huruma. Alipiga simu alipoweza. Zaidi ya hapo, aliyekuwa akizungumza na Fundi Meno ni fundi viatu, jirani yake, mwenye kibanda chini ya dirisha. Siku nyingine zote alizungumza na meli.

Wachongaji wa aina hii wana kichaa chao. Hutengeneza hata yale ambayo hakuna jicho litakaloyaona. Chini ya sitaha Fundi Meno alijenga banda la ndege, na ndani yake akaweka mafundi wadogo wa waya na nta, wenye ovaroli na vifaa mkononi. Nyuma ya banda, kwenye michoro aliyoifuata, palikuwa na chumba kisichoandikwa ni cha kazi gani. Angeweza kukiziba. Badala yake akakiwekea kitanda, godoro, mto, kigoda, ndoano ya kutundikia koti, na blanketi alilolikata kwenye pindo la shuka ambalo mkewe alilalia mara ya mwisho. Akalitandika kwa kibano, akishikilia pumzi. Mtu hakumweka.

"Cha nani hiki?" fundi viatu alimuuliza jioni ile alipokuja kumshikia sitaha ibandikwe.

"Cha yeyote atakayekuja," akajibu Fundi Meno, na kwa utani akakigongea ukuta kwa ukucha. "Karibu, mgeni. Chumba kipo, kodi hakuna."

Wakacheka, wakapaka gundi, wakafunika.

Kwa hiyo ndege ile kugeuka lilikuwa jambo la kwanza. La pili lilikuwa harufu. Ilikuja mchana, saa ambazo mtaa hulala kwa joto: harufu ya maji ya chumvi, kamba zilizolowa na mafuta yaliyoungua. Alikagua jikoni, akanusa makopo yake ya rangi, akanusa hata viatu vyake. Kisha akaisogelea meza, na pua ikamwambia kile ambacho kichwa kilikuwa kinakataa.

La tatu lilikuwa kugonga. Ngo, ngo. Kutoka tumboni mwa meli.

Nywele zilimsimama mpaka kisogoni. Bila kujua kwa nini, akachukua kibano na kugonga ubavu wa meli mara mbili. Ikajibu mara mbili. Akagonga mara tatu. Ikajibu mara tatu, polepole, kama mtu anayechagua maneno.

Tuseme ukweli, aliogopa. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho kiliona aibu kujitokeza. Alifurahi.

Baada ya siku chache walikuwa wamezoeana. Fundi Meno alimwita Mpangaji. "Mpangaji, umeamkaje?" Ngo. "Mimi mgongo umeniamkia vibaya." Ngo, ngo. Alimsimulia habari za kliniki, za mheshimiwa aliyemeza meno yake kwenye harusi na kudai yalikuwa mabovu tangu mwanzo, na humo ndani kukasikika mkwaruzo mdogo, mkavu, ambao Fundi Meno aliuhesabu kuwa kicheko. Alimsimulia pia kuhusu mkewe, mambo ambayo hakumwambia hata binti yake, jinsi alivyomwomba maji usiku ule na yeye akachelewa kuamka. Mpangaji hakugonga. Alisikiliza. Fundi Meno alilia siku hiyo, akaosha uso, akajisikia mwepesi. Nani katika mtaa mzima angemsikiliza hivyo?

Fundi viatu aliingia mchana mmoja kuomba maji ya kunywa, akakuta jirani yake anacheka hadi machozi.

"Una mgeni, Mzee?"

"Mgeni wapi. Nacheka na kazi yangu."

Fundi viatu akajongea kuiangalia hiyo kazi, akaweka kiganja juu ya sitaha, kati ya ndege na mnara. Akabaki hivyo. Uso ukambadilika. Kisha akauondoa mkono taratibu, kama mtu anayetoa mkono karibu na mbwa asiyemjua, na akarudi nyumanyuma mpaka mlangoni.

"Mzee," akanong'ona, "chombo chako kinapumua."

"Ni joto hilo. Plastiki hutanuka."

"Nimeshika ngozi maisha yangu yote. Najua ngozi iliyokufa ikoje mkononi. Hiyo haijafa."

Tangu hapo alisalimia kupitia dirishani tu, naye akiwa upande wa nje.

Kisha binti akapiga simu. "Baba, nimeomba likizo. Wakinipa, mwisho wa mwezi tunakuja, mimi na mjukuu wako. Amekua huyo, maswali yake utakimbia nyumba."

Fundi Meno alikata simu akiwa na tabasamu la kijana. Mjukuu alikuwa amemwona mara moja tu, akiwa mchanga wa kubebwa. Alifagia chumba kidogo kilichokuwa stoo, akatoa makopo, akafungua dirisha lililoganda kwa miaka, na muda wote alikuwa akimweleza Mpangaji. "Mtoto anakuja, umesikia? Utamfurahia. Lakini usimtishe."

Mpangaji hakujibu. Hakujibu siku hiyo wala kesho yake.

Mchana wa siku iliyofuata, Fundi Meno alitoka kuoga akakuta ndege zote zimegeuka. Zote, mbele hadi nyuma, gundi ikiwa nzima chini ya kila gurudumu, na pua zote zilikuwa zimeelekea mlango wa chumba kidogo.

Jua lilikuwa linawaka nje, na cherehani ya fundi viatu ilikuwa inasikika dirishani, kwa hiyo alipiga moyo konde. Lifti ya kupandishia ndege alikuwa ameiacha imeshuka nusu, na hapo palibaki upenyo. Akachukua kitochi na kile kioo cha kinywani, akakipitisha kwenye upenyo kwa mkono uliochonga meno ya wakubwa wa mji, akaona banda la ndege, akaona mafundi wake wa nta, ambao aliwaweka katikati ya kazi, wakiwa wamesimama safu moja kando ya ukuta na nyuso zao zimebanwa ukutani kama watoto walioamriwa wasitazame, akakizungusha kioo kidogo na kuona mlango wa nyuma, ambao aliubandika ukiwa umefungwa, uko wazi, na ndani kitanda kimelaliwa, blanketi limesukumwa miguuni, mto una shimo la kichwa, na kando ya kitanda hicho, mahali alipoweka kigoda, kuna kitanda cha pili ambacho hakukichonga yeye, kifupi, chenye vizuizi pande zote mbili kama vile wazazi wanavyoweka ili mtoto asianguke, kimetandikwa vizuri kuliko alivyoweza kutandika yeye, shuka limekunjuliwa pembeni kumngoja wa kulala, na alipokuwa bado anakitazama, kioo kikaingia ukungu, taratibu, kuanzia katikati, kama kinavyofanya siku zote kinapokuwa ndani ya kinywa cha mtu anayepumua.

Alipiga kelele. Fundi viatu akaingia, akasahau kwamba alikuwa ameapa haingii.

"Mwite," Fundi Meno alisema akiwa sakafuni. "Mwite yule mama wa mkaa."

Mama Mkaa aliuza mkaa pale kona, na pembeni ya mkaa aliwahudumia watu waliopatwa na mambo ambayo kliniki haina dawa yake. Alikuja na jiko lake, ubani wake na manung'uniko yake, kwamba wateja wanamsubiri na watu wazima hawaachi kujitafutia balaa. Alinusa. Akauliza. Fundi Meno akaeleza yote, hata yale ya utani jioni ya kufunika.

"Ngoja nikuelewe, baba," alisema Mama Mkaa. "Umejenga chumba. Umeweka kitanda, ukakitandika kwa shuka la marehemu. Hukumweka mtu. Ukafunga giza ndani, jua linazama, halafu ukasema karibu."

"Nilikuwa natania."

"Ulitegemea aje nani, mkaguzi wa umeme?" Akapuliza makaa yake. "Vyumba vitupu ndivyo majini wanavyotafuta. Watu wengine wanawaachia kwa bahati mbaya, magofu na visima. Wewe umempokea kwa blanketi. Fungua."

Ilibidi aikate sitaha, kazi ya miaka, kwa mkono wake mwenyewe, kwa msumeno mwembamba aliochongea meno. Ilipoinuka, harufu ya chumvi na mafuta ilijaa chumba mpaka wote watatu wakakohoa. Mama Mkaa aliweka ubani, akasoma maneno yake kwa sauti ya chini, akamgeukia Fundi Meno.

"Sasa sema wewe," akanong'ona. "Nikimfukuza mimi atanicheka. Nyumba si yangu."

"Niseme nini?"

"Kwamba humtaki. Na uwe humtaki kweli."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Fundi Meno aliangalia kitanda kile kilicholaliwa. Alifikiria mchana unavyokuwa mrefu. Alifikiria yule aliyemsikiliza akilia bila kumwambia apige moyo konde. Fundi viatu alimgusa bega. Kisha Fundi Meno akaangalia kitanda cha pili.

"Sikutaki," alisema. "Toka nyumbani kwangu. Sikutaki tena."

Hakikupasuka kitu. Mlango wa mbele ulifunguka wenyewe, kwa adabu, ukakaa wazi kidogo, ukarudishwa bila kelele. Harufu ikaisha. Alikuwa ameondoka kama mgeni aliyekosewa heshima, na hilo lilimuuma Fundi Meno kuliko kama angevunja nyumba.

Mama Mkaa alikibana kile kitanda kidogo kwa koleo lake, akakitia kwenye makaa. "Sitaha usiibandike. Chumba kiwe wazi, kipate mwanga. Na nisikilize vizuri, baba. Huyu alikuja kama mpangaji kwa sababu ulimpa chumba. Umemfukuza, chumba hana. Ukimwita tena, atachukua nyumba nzima, na wewe ndiye utakayetafuta pa kulala."

"Nimwite wa nini? Mjukuu wangu anakuja."

Nyumba ikatulia. Ilitulia mno. Fundi viatu alikwenda kwa wakwe zake kwa siku kadhaa, na dirisha likabaki halina hata mlio wa nyundo. Fundi Meno alipanga tena mafundi wake wa nta, akanunua shuka la mtoto, akasubiri simu.

Simu ikaja. "Baba, wamenikatalia. Wagonjwa wengi, wauguzi hatutoshi. Nitajaribu tena mwezi ujao, ila sitaki kukudanganya."

"Hakuna neno, mwanangu. Kazi kwanza."

"Uko sawa lakini?"

"Niko sawa sana."

Aliweka simu mezani, kando ya meli isiyo na kifuniko. Chai ilipoa. Hakuwa sawa hata kidogo. Upweke ulimkaba kama mfupa kooni, na hakuna wa kumpiga mgongoni. Alimfukuza mmoja kwa ajili ya wengine, na sasa hana huyu wala wale. Akachukua kibano, akagonga ubavu wa meli. Kimya. Akagonga tena, akasogeza sikio, na alichosikia ni damu yake mwenyewe.

"Rudi," alisema.

Alijisikia akilisema na hakujizuia.

"Rudi, bwana. Nisamehe. Siwezi hivi."

Mlango wa mbele ukagongwa. Ngo, ngo.

Alifungua. Barabara ilikuwa tupu, jua kali, vumbi limelala. Kisha joto lenye chumvi likampita begani, na mlango ukajifunga ilhali yeye hakuusukuma. Akarudi kwenye kiti chake.

"Nilidhani umeniacha moja kwa moja," alisema, machozi yakimtoka.

Mkono ukawekwa juu ya bega lake. Ulikuwa mzito na wa moto, na yeye, badala ya kuukimbia, aliuegemea, akafumba macho, na usingizi ukamchukua kama mtoto.

Aliamka, bila kujua ni baada ya siku ngapi, amelala chali kwenye godoro jembamba. Blanketi lilikuwa na harufu aliyoijua, harufu ya mkewe na sabuni yake. Aligeuza kichwa akaona ukuta wa plastiki, na juu yake michirizi ya msasa ambao alikuwa ameupitisha yeye mwenyewe. Akainuka. Nje ya mlango mafundi wa nta, warefu kama yeye, walikuwa wamesimama safu moja wakitazama ukuta. Hakukuwa na dari. Juu, mbali, palikuwa na balbu yake ya sebuleni, kubwa kuliko jua.

Halafu akasikia sauti ya binti yake, nzito kama radi, ikitoka mlangoni.

"Baba! Tumekuja! Nimepata mwenzangu wa kunishikia zamu, nikasema nisikupigie, nikushtukize tu!"

Fundi Meno alifungua kinywa kumjibu. Sauti yake ikatoka, lakini haikutoka kinywani mwake. Ilitoka juu.

"Karibuni! Karibuni sana! Huyu ndiye mjukuu wangu? Njoo kwa babu."

Alipiga kelele. Aliita jina la binti yake, akapanda kitandani, akarukaruka, akapunga blanketi. Uso wa mtoto ukachomoza juu ya ukingo wa ukuta, mkubwa, mzuri, una macho ya marehemu bibi yake.

"Babu, huyu mtu mdogo analia."

"Usiguse, mama, utamvunjia babu kazi yake," alisema binti kutoka jikoni. Alikuwa anacheka. Alisikika mwenye furaha. "Baba, kumbe umechangamka hivi! Njia nzima nilikuwa nawaza uko peke yako."

"Peke yangu? Hata kidogo, mwanangu."

Mikono miwili ikaja juu ya meli, na Fundi Meno aliitambua kuwa ni yake mwenyewe, kovu la kekee kwenye dole gumba na kucha iliyopasuka. Ilikuwa imeshika sitaha, na kingo zake zilikuwa zinang'aa kwa gundi mbichi. Ikashuka taratibu, kwa ufundi wote alioutumia maisha yake yote, na mwanga ukapungua ukawa mstari, kisha haukuwepo.

Aligonga. Aligonga kwa ngumi mpaka vidole vikachubuka.

"Baba," binti aliuliza huko juu, "huyu mtoto atalala wapi?"

"Kitanda chake kipo. Nimeshamtandikia."

Gizani, Fundi Meno alinyosha mkono kando yake, mahali palipokuwa na kigoda, akashika kizuizi cha kitanda kidogo, bado kina moto wa makaa.